Mkuu wa Chuo Aenda Kuuza Mahindi

Chuo cha Biashara Uwanda wa Kati, kikongwe kuliko lami nyingi za jiji la Dodoma, kinautangazia umma kwamba kimeanza rasmi kuwekeza katika siku zijazo. Siku zijazo zimekwisha arifiwa. Mimi, Afisa Itifaki wa chuo, ndiye niliyeandaa mapokezi.

Chanzo cha mageuzi haya ni maneno ya watu. Mhitimu wetu mmoja alifungua duka mtaa wa Kikuyu, likafa kabla rangi ya ukutani haijakauka, naye akaenda redioni kusema walimu wetu hawajawahi kuuza hata nyanya. Tulikasirika sana! Tukachunguza, tukakuta ni kweli, ila ilisemwa bila adabu.

Ndipo Mkuu wa Chuo, Daktari Abdulrahim, akaleta kanuni mpya mbele ya Baraza: kila anayefundisha apewe magunia ya mahindi kutoka shamba la chuo, akayauze soko la Kibaigwa. Atakayerudi na mahindi ataacha kazi yake na kuanza upya kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Bila kujali cheo!" akaongeza, akipiga meza. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi nilisimama kabisa.

Aliyekosa raha ni Mwalimu Loisi wa somo la masoko. Amefundisha masoko tangu wengine tukinyonya vidole, na alikuwa amebakiza mwaka tu astaafu.

"Nikirudi na haya mahindi nitakaa dawati moja na mjukuu wangu," aliniambia, machozi yakimlenga. "Uso wangu nitauweka wapi?"

Nilimtuliza kwa kumhakikishia kwamba madawati ni mapya.

Siku ilipofika, Kibaigwa tulikuta malori yamejipanga, madalali kila mmoja anapiga kelele na bei yake, vumbi hadi kwenye kope. Na hakuna meza kuu! Kwa kweli nilisikitika. Nikatandika ya kwetu: kitambaa cheupe, maua ya plastiki, maji ya chupa, kipaza sauti. Mkuu akaketi katikati, magunia yake nyuma yake.

Dalali mmoja, Masudi, akaja mbio. "Shikamoo mzee. Gunia bei gani?"

"Marahaba," Mkuu akasema, kisha akanitazama. Hawezi kuzungumza kabla hajakaribishwa.

"Ndugu mteja, keti," nikasema. "Nitamkaribisha Msajili, Msajili atamkaribisha Makamu Mkuu, Makamu atamkaribisha Mkuu, ndipo Mkuu atataja bei."

Masudi akatukodolea macho. "Kwani hii ni harusi au mahindi?"

"Biashara bila itifaki ni fujo, kijana," Mkuu akamwelewesha kwa upole.

Masudi akahamia kwa Mwalimu Loisi. "Mama, makavu haya?"

"Bidhaa hii inakidhi matarajio ya mteja," Mwalimu akaanza. Masudi akageuka aende zake.

"We baba, hebu ngoja!" Sauti ile sijawahi kuisikia darasani. Mwalimu akachota mahindi, akatupa punje mdomoni, akaing'ata. Kwacha! "Umesikia? Haya, na wewe ng'ata!"

Masudi akang'ata, akacheka, akawaita wenzake. Basi tena! Mwalimu kajifunga kanga kiunoni, anabishana, anaapa kwa mama yake mzazi, anawafokea wapakizi. Nilimwonea aibu, maana hakukuwa na ratiba wala dua ya ufunguzi. Akauza yote. Walimu wengine nao wakamwiga, wakauza.

Makamu alipomaliza kumkaribisha Mkuu, malori yalikwisha ondoka. Mkuu akahutubia vizuri sana. Aliyebaki kumsikiliza ni muuza karanga mmoja, naye alikuwa amekaa kivulini mwa meza yetu.

Kwenye Baraza, Mkuu alieleza kwamba magunia yake ni hifadhi ya kimkakati.

"Daktari, mahindi yamerudi au hayakurudi?" akauliza Mama Dorothea, mwenyekiti.

"Yamerudi kwa muda, Mheshimiwa."

"Kanuni ni yako mwenyewe, baba. Bila kujali cheo. Na makofi ulipigiwa."

Kwa hiyo naufahamisha umma, kwa fahari, kwamba sisi ni chuo ambacho Mkuu wake ameingia siku zijazo yeye binafsi, kupitia mwaka wa kwanza. Mwalimu Loisi anakaimu ofisi yake.

Wiki ileile Daktari aligombea uwakilishi wa darasa. Uchaguzi ulikuwa huru na wa haki, akabwagwa na Munira, binti wa mtaa wa Makole anayewauzia wenzake vitumbua. Daktari amekata rufaa kwa maandishi kwa Kaimu Mkuu wa Chuo.

Barua imerudishwa bila kufunguliwa. Mwanafunzi haandiki moja kwa moja kwa Mkuu. Sharti barua ipitie kwa mwakilishi wa darasa lake.