Waraka Kuhusu Ukubwa wa Nyuso

Wananchi wa Nakuru, Molo na viunga vyake wanajulishwa kwamba tatizo la nyuso kufura kwenye kompyuta ya Ofisi ya Vibali vya Mazao limetatuliwa. Limetatuliwa chini ya uongozi wangu mimi, Hezekiah Wanyoike, Mkuu wa ofisi hiyo, ingawa wapo wenye mdomo wanaodai kwamba chanzo cha tatizo nilikuwa mimi. Nitaeleza mambo yalivyokwenda, kisha kila mtu ajiamulie.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2007 tuliletewa kompyuta yenye programu ya kuhariri picha, ili kila msafirishaji wa mazao awe na kibali chenye uso wake. Siku hiyo hiyo niligundua kwamba programu huandika pembeni ukubwa wa picha kwa asilimia. Mimi si mtu wa kuona asilimia nikanyamaza. Nilitoa waraka: uso wa Mkuu utazamwe kwa asilimia mia mbili, wa karani mia moja, wa mkulima hamsini. Waraka nikaufungulia faili nene, nikaagiza likae mezani kwa karani wangu, Zeddy, usiku na mchana. Meza ni ndogo, lakini nafasi ilipatikana.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu akaja Jepkemei, mkulima wa viazi kutoka Molo. Lori lake lilikuwa limezuiwa Salgaa likiwa limejaa pomoni, na askari wa kizuizi alikuwa amesema halisongi bila kibali. Zeddy akampiga picha, akaifungua, akazungusha gurudumu la kipanya ili ashuke chini ya ukurasa. Ukurasa haukushuka. Uso wa mama ukakua. Akazungusha tena, ukakua tena, mpaka mia nane.

Ndani ya ofisi yangu, mkulima wa viazi alikuwa amenizidi mara nne. Niliumia, sitaficha.

"Zeddy, mrudishe huyo mama hamsini."

"Anakataa, boss. Niki-scroll, ina-zoom tu."

"Nani anakataa?" Jepkemei akauliza. "Si mimi nimekaa tu hapa. Mzee, nipatie kibali niende. Viazi haziwezi kaa chini ya turubai kwa hii jua."

"Mama, ofisi haiwezi kutoa kibali kwa mtu ambaye ukubwa wake haujathibitishwa."

Papo hapo niliunda Kamati ya Uchunguzi wa Nyuso Zinazokua Bila Idhini. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Katibu alikuwa Zeddy, na mjumbe alikuwa Khaemba, askari wetu wa getini, kwa sababu huyo ndiye huona nyuso nyingi kuliko sisi sote. Tulikaa Jumatatu mchana na Jumanne kutwa. Tulichunguza umeme. Tulichunguza mashavu ya Jepkemei. Tulizima kompyuta tukaiwasha, na Khaemba akapendekeza tuzime pia taa, tukaizima. Kumbukumbu za kila kikao ziliingizwa kwenye lile faili, na cha ajabu, kadiri faili lilivyonenepa ndivyo ugonjwa ulivyozidi kukomaa. Hilo nalo tuliliandika.

Jumanne jioni simu ya Jepkemei ikalia. Alikuwa dereva wa lori, akisema viazi vimeanza kutoa maji. Mama aliinuka kwenye benchi alilokalia siku mbili, akapita upande wetu wa kaunta bila fomu yoyote, akanyanyua faili.

"Hii kitu imelalia button ya hapa chini, kwa kona ya keyboard," akasema. "Dada yangu ako na cyber huko Molo. Mtu akifinya hapa na azungushe mouse, kila kitu inafura."

Zeddy akazungusha gurudumu. Ukurasa ukashuka kwa adabu. Kibali kikachapwa, na uso wa Jepkemei ukatoka na ukubwa ule ule wa nyuso zote tulizowahi kuchapa.

"Kwani asilimia haziendi kwenye karatasi?" nikauliza.

"Haziendi, boss. Hiyo ni ya kuangalia tu. Ni kama kusongeza picha karibu na macho."

"Tangu lini?"

"Tangu ianze."

Mwenye busara angenyamaza hapo. Mimi niliandika waraka wa pili. Picha za kadi zote za wafanyakazi zikatwe vilevile zinavyoonekana kwenye skrini. Asiingie mfanyakazi bila kadi mpya, na askari asitazame sura, atazame kadi. Na kwa kuwa mkulima aliwahi kufika mia nane, Mkuu atakwenda elfu moja mia sita.

"Boss, kwa hiyo size itabaki pua peke yake," Zeddy akasema.

"Pua ya nani?"

"Yako."

"Basi endelea."

Jumatatu iliyofuata Khaemba aliipokea kadi yangu getini, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Mzee, huyu ni nani?"

"Khaemba, si tulikuwa kamati moja juzi?"

"Sura naijua, boss. Lakini waraka umesema nisiangalie sura."

Wakati huo Jepkemei akafika kutafuta kibali cha mzigo mwingine. Alionyesha kile cha kwanza, geti likafunguka. Khaemba akamsimamisha.

"Mathe, hebu angalia hii. Unamjua?"

Jepkemei akaishika kadi yangu, akaisogeza mbali kidogo na macho.

"Namjua. Hii ndiyo pua ilingoja siku mbili viazi zangu zioze. Nusu ya lori nilimwaga Salgaa."

Hakusema kwa hasira. Alirudisha kadi akaingia ndani, nami nikaona aibu ambayo haina asilimia.

"Haya," nikamwambia Khaemba, "shahidi amenithibitisha."

"Amethibitisha pua, mzee. Kadi ya utata inaenda kwa kamati."

"Na kamati inakaa lini?"

"Mwenyekiti akiingia."

Nikaketi kwenye benchi la wakulima nje ya geti, nikaanza kumngoja mwenyekiti.