Kolonel na Kiti cha Mlangoni

Jumatatu, 19 Juni

Kiti cha mlangoni kiko wazi! Mukundwa, aliyekuwa akikitumia, amehamia Kigali. Nimesikitika, lakini si sana.

Kinyozi mwenye kiti cha mlangoni ndiye anayepata mteja kwanza. Mtu akiingia kutoka kwenye jua la Kamembe macho bado hayajazoea kivuli, basi anakaa palipo karibu. Sisi wa nyuma tunabaki na makombo: watoto wanaolia, na mashemeji wa Maman Védastine wanaonyolewa bure. Miaka minne niko nyuma, ubavuni mwa pipa la maji. Imetosha!

Maman Védastine ndiye mwenye saloni. Amesema hana haraka: ataangalia kazi yetu wiki hii, mimi na Valens, na Jumapili baada ya misa atasema nani anakaa wapi. Valens akajibu ndiyo Maman. Huyo kila kitu ni ndiyo Maman. Anatoka Mibirizi kila asubuhi, mpole utafikiri katekista. Mtu mpole kiasi hicho namwogopa.

Nikaona hatari. Kazi ni jambo la kubishania, kila mtu na jicho lake. Nikatoa wazo. Wote wawili tunacheza Mazimwi kwenye simu: unakamata mazimwi porini, unawalea, unawapiganisha. Tupigane Jumapili mbele ya watu, mshindi achukue kiti. Maman akaniuliza mara mbili kama kweli nataka hivyo. Nikamwambia mwanaume ni neno lake. Valens akasema sawa. Maman akasema basi, bora makelele yaishe.

Wamenasa! Mimi nina Kolonel, zimwi la pembe, moto unatoka puani. Valens ana kisamaki anachokiita Sambaza, jina la dagaa wetu wa ziwani. Sambaza! Kitoweo!

Jumanne, 20 Juni

Maskini mimi. Nimechungulia simu ya Valens alipokwenda kuchota maji. Sambaza yuko daraja la arobaini. Kolonel wangu ana kumi na nne.

Hata sikujua samaki anaweza kufika huko. Kumbe Valens anapigana ndani ya basi, kutoka kwao mpaka hapa, kila siku ya Mungu. Vizimwi vya majanini, vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine. Mwaka mzima! Huyo ni muntu ama ni trakta?

Nimeanza na mimi. Majani, kizimwi, piga. Majani, kizimwi, piga. Mkono mmoja simu, mkono mmoja mashine. Kufika saa nane Kolonel alikuwa amepanda daraja moja, na mteja wangu Mzee Kamali alikuwa amepoteza nyusi ya kushoto. Nikamwambia ndiyo mtindo wa Bukavu siku hizi. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu. Akaomba niipunguze na ya kulia, zifanane. Mzee ananiamini, Mungu ambariki.

Valens aliniuliza, kwa sauti yake ya sakristia, nina medali ngapi. Nikacheka. Unapata medali ukishinda mabwana wa miji ndani ya mchezo. Mimi nina moja, yeye sita. Nikamwambia medali ni mapambo, vitani tunaenda na misuli. Akafungua mdomo aseme kitu, akaufunga. Wivu!

Jumatano, 21 Juni

Sikulala vizuri. Niliota pipa la maji linaniita papa, kama mtoto na baba yake.

Lakini leo nimepata! Kwenye mchezo kuna malisho. Unamwacha zimwi wako pale, na kila hatua unayotembea wewe inamkuza yeye. Simu inahesabu hatua kwa kutikisika. Kwa kutikisika tu! Haiulizi nani anaitikisa.

Na ni kitu gani duniani kinatikisika kutoka asubuhi mpaka jioni bila kuchoka? Chekecheke la mashine ya mpunga, Bugarama! Na ni nani anafanya kazi kwenye mashine hiyo? Nsabimana, mtoto wa mama mdogo!

Nikampigia, Nsabimana akakataa. Akasema akionekana na simu juu ya chekecheke atafukuzwa. Nikamkumbusha damu ni damu. Akanikumbusha kwamba arusi yake sikuja. Tukapatana: nitanyoa batoto yake yote mpaka wamalize shule. Ana saba. Haidhuru, mwenye kiti cha mlangoni hashindwi na batoto saba.

Alhamisi, 22 Juni

Nilimwambia Maman kwamba shangazi yangu wa Bugarama yuko mahututi. Sina shangazi Bugarama. Maman akashika kifua, akasema niende upesi.

Joto la kule, Yesu wangu! Unatelemka kutoka kwenye baridi yetu, mara unajikuta ndani ya sufuria. Nsabimana akanipitisha mlango wa nyuma. Nikamweka Kolonel malishoni, nikaifunga simu pamoja na betri ya akiba ndani ya kitambaa, nikaikaza kwa kamba kwenye ukingo wa chekecheke. Mashine ikawashwa. Tatatatata! Kolonel alipanda daraja nikitazama. Nilitaka kulia kwa furaha.

Valens ana basi moja. Mimi nina mota ya nguvu za farasi thelathini.

Nimerudi Kamembe bila simu, moyo mwepesi. Nitaifuata Jumamosi.

Ijumaa, 23 Juni

Siku mbaya. Bila simu najipapasa mfuko kila dakika. Maman amenipa mkungu wa ndizi nimpelekee shangazi, na wanawake wa jumuiya yake wanafunga leo kumwombea mgonjwa. Sikuweza kumtazama usoni.

Saa kumi nikaazima simu ya Mukabalisa, fundi cherehani wa jirani, nikampigia Nsabimana. Alikawia kujibu, kisha akaanza na pole. Nikajua kuna msiba.

Kamba imelika. Simu imedondoka na mchele, ikaingia guniani, gunia likashonwa, magunia yakapakiwa kwenye lori. Lori limekwenda Ruhwa.

Ruhwa! Mpakani! Kolonel wangu anakwenda Burundi bila karatasi!

Nimechukua basi la mwisho. Ndizi ziko magotini. 

Jumamosi, 24 Juni

Niliamka kwa Nsabimana mapema, nikatoka mbio kwenda barabarani, ndizi begani. Hakuna basi. Hakuna pikipiki. Hata baiskeli hakuna. Nikajiuliza kama ni mwisho wa dunia.

Umuganda! Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nchi nzima iko kwenye kazi ya pamoja, na mimi nimesahau kama mtoto! Nikaamua kwenda kwa miguu. Sikufika mbali. Mama mmoja, Uwamahoro, kiongozi wa mudugudu, kijiji chao, akanisimamisha. Akauliza ninakimbilia wapi na viatu vya misa wakati wenzangu wanazibua mfereji wa mpunga. Nikasema ni mgeni. Akasema mgeni ana mikono. Nikapewa jembe.

Nimechimba tope huku gunia langu likingoja wanunuzi. Kila nikiinua kichwa nilitazama upande wa Ruhwa. Nikifikiri kiti kinakwenda, nilichimba kwa hasira, na watu wakanisifu. Saa tano kazi ikaisha. Nikatupa jembe. Uwamahoro akasema bado kikao, na mgeni mwenye bidii asimame ajitambulishe. Nilijitambulisha kwa maneno matatu, bado nikapigiwa makofi.

Pikipiki ya kwanza, Ruhwa! Kwenye stoo ya Tumukunde, mama mfanyabiashara aliyepokea mzigo wa lori, magunia yamepangwa mpaka darini. Nikamwomba simu, nikapiga namba yangu. Tukanyamaza wote. Kimya. Nikapiga tena. Ndipo nikasikia rumba ya simu yangu, mbali, nje, inakwenda.

Ilikuwa juu ya baiskeli! Mnunuzi analisukuma gunia kwenye kizuizi cha mpaka, na gunia linaimba! Nilikimbia nikipiga kelele. Yule bwana akasikia mchele unaimba Kilingala nyuma ya mgongo wake. Akaiachia baiskeli, akapiga ishara ya msalaba, akasema hataki tena gunia la wachawi. Nililikumbatia gunia pale barabarani kama ndugu yangu.

Simu nzima! Imejaa pumba, lakini nzima! Na Kolonel... Mama yangu. Daraja la tisini na moja.

Tumukunde nimemwachia mkungu wa ndizi kwa usumbufu.

Jumapili, 25 Juni

Padre ametaja jina la shangazi yangu kwenye misa. Nilikuwa sikumbuki nilimwita nani.

Baada ya misa saloni ilijaa. Mukabalisa alifunga cherehani akaja. Mzee Kamali alikuja, nyusi zimeanza kuota. Simu mbili juu ya kaunta. Kiti cha mlangoni mbele yetu, kitupu, kimepanguswa.

Sambaza akatokea, kadogo, kanacheza na mkia. Kisha Kolonel. Watu wakapiga kelele! Pembe zake hazikutosha kwenye kioo cha simu. Valens alimeza mate, nilimwona kwa macho yangu. 

Nikaamuru moto.

Kolonel akatazama mawingu.

Nikaamuru tena. Kolonel akajikuna. Sambaza akamrushia maji kidogo. Nikabonyeza kwa nguvu zote, kidole kikauma. Kolonel akageuka akanipa mgongo, akalala. Sambaza maji, maji, maji. Mtu ukiloweshwa namna hiyo utaamka tu, lakini Kolonel anakoroma! Uhai wake unapungua, nusu, robo. Nilimwita kwa sauti. Nilimwomba Bikira Maria. Akafumbua jicho! Akasimama! Akafungua mdomo, moto ukajaa, Maman Védastine ameshika rozari... Akajichoma mguu wake mwenyewe kwa hasira. Sambaza akamalizia kwa mkia.

Valens hakucheka hata kidogo. Aliniambia taratibu kwamba zimwi aliyemzidi bwana wake hamtii, na medali ndizo zinamwonyesha bwana ni nani. Akasema imeandikwa pale mchezo unapoanza. Pale ninapopenda kuruka. Kifaransa kingi, mimi mtu wa vitendo.

Kiti ni cha Valens.

Jumatatu, 26 Juni

Niko kwenye pipa. Linavuja.

Maman amenikuta peke yangu akaniletea chai. Akauliza shangazi anaendeleaje. Nikasema amepona. Kisha akasema jambo ambalo sijui kwa nini hakulisema Jumatatu iliyopita. Akasema kiti kilikuwa changu. Mkono wangu ni mwepesi kuliko wa Valens, wateja wanasema, hata Mzee Kamali na nyusi zake. Alitaka tu wiki ipite asionekane ana upendeleo. Ndiyo maana aliniuliza mara mbili. “Ni weye ulikataa, mwanangu.”

 Kiti changu! Nilikuwa ninacho, nikakipigania, nikakikosa. Nimekaa nyuma ya pipa nimelia, na safari hii si kwa furaha.

Halafu nikafikiri vizuri. Yote haya ni kosa la nani? La medali! Kolonel ana nguvu tayari, kinachokosekana ni medali tano tu. Na nani anajua kuzishinda? Nikamwendea Valens. Nikamwomba achukue simu yangu, anishindie zote ndani ya basi. Akanitazama kwa huruma, akasema ndiyo, lakini itamchukua muda wa kazi. Basi, kumfidia, nimempa wateja wangu wote wa asubuhi, na Mzee Kamali juu.

Amekubali, yule mjinga! Zikifika sita namwita tena vitani.