Malalamiko Kuhusu Kufungwa kwa "Sisi na Sinki Letu" Kabla ya Makosa Kusahihishwa

Sandringham, Auckland
Jumatano, 11 Juni

Bi. Philippa Renshaw,
Mkuu wa Vipindi,
Televisheni ya Ghuba.

Bi. Renshaw,

Kipindi cha "Sisi na Sinki Letu" kitakoma Alhamisi tarehe 19 Juni, baada ya sehemu ya nane, na hakutakuwa na msimu wa pili. Hayo aliyasema jana msemaji wako, Bw. Gareth Tolley, nilipompigia simu. Nilimwomba arudie, akarudia. Sababu aliyoitoa ni kwamba watazamaji "hawakujitokeza". Mimi nimejitokeza mara sita, kwa wakati. Jirani yangu, Bi. Poon Yuet Ha, amejitokeza mara sita, akija na kiti chake.

Naandika kulalamika. Kipindi chako kinahusu wasichana watatu wa Kichina, Vivi, Joyce na Suk, waliohama kwa wazazi wao na kupanga nyumba pamoja mtaani Mount Eden ili watu wacheke. Nimeripoti habari miaka thelathini na moja kwa gazeti la Kichina la kila wiki, na najua tofauti ya kitu nisichokipenda na kitu chenye makosa. Nimekaa na kalamu mbele ya kila sehemu. Makosa ni arobaini na moja. Nayataja makubwa tu.

1. Viatu. Katika sehemu ya kwanza Joyce anapita zuliani na viatu, kisha anapanda navyo kitandani. Bi. Poon alisimama. "Mshusheni huyo!" aliiambia televisheni. "Hana mama huyu? Mama yake yuko wapi?" Swali hilo halijajibiwa hadi leo.

2. Vivi anapima maji ya wali kwa kikombe chenye mistari. Maji hupimwa kwa pingili ya kidole. Kidole anacho; kilionekana.

3. Mashine ya kuoshea vyombo. Wasichana wanaiwasha, nayo inaosha vyombo. Kwangu mashine hiyo ipo tangu tulipohamia, miaka kumi na tisa, na kazi yake ni kutunza masufuria na mifuko ya plastiki. Ili nisiseme kwa kubahatisha, nilifanya uchunguzi katika nyumba sita za jamaa zetu. Tano zinaweka masufuria. Ya sita inaweka viazi.

4. Friji. Wasichana wanaishi peke yao tangu Januari, na ndani ya friji yao hakuna hata kopo moja la aiskrimu lililojaa supu. Binti aliyehama haombi supu, supu humfuata. Binti yangu, Hoi Ching, ni mhandisi wa madaraja. Yuko Dunedin, kisiwa kingine kabisa, na supu imemfikia mara nne. Ya mwisho ilisafiri ikiwa barafu, ndani ya begi la daktari wa meno aliyekuwa anakwenda mkutanoni.

5. Katika sehemu ya tano Suk anagombana na mama yake, na mama anasema, "Nisamehe, mwanangu." Hakuna mama wa namna hiyo. Mama angemenya machungwa, angeyapanga kwenye sahani, angeiweka mbele ya binti na kusema, "Kula." Baadaye Suk anamaliza simu kwa maneno, "Nakupenda, Mama." Bi. Poon alinigeukia. "Nani kafa?" Tulisubiri hadi mwisho. Hakufa mtu.

6. Athari kwa familia. Kabla ya Mei binti yangu alikuwa akipiga simu Jumapili. "Umekula?" "Nimekula, Mama." "Huko baridi?" "Kiasi." "Haya." Kwa wastani, sekunde hamsini. Tangu kipindi kianze anapiga Alhamisi saa mbili na nusu usiku, mara tu kinapoisha, na tunagombana.

"Mama, viatu ni viatu tu."

"Kwako unavivua?"

"Navivua."

"Basi usinifundishe."

Tulipofika kwenye machungwa alisema, "Na wewe je, Mama? Siku niliyohama ulinimenyea sita. Nilijua umekasirika." Nikamwambia hasira ni chungwa moja. Akauliza, "Sasa sita ni nini?" Nikamwambia hesabu anaijua yeye, ndiye mhandisi. Siku hiyo hatukuwa tumewahi kuizungumzia. Simu ilidumu dakika hamsini na nne.

7. Kosa zito kuliko yote ni la ofisi yako: kukifunga. Gazeti likichapisha kosa, lina wajibu wa kuchapisha sahihisho. Mmetangaza makosa arobaini na moja. Kwa masahihisho matano kila wiki, mnadaiwa sehemu nane nyingine, na linabaki kosa moja. Hilo liingie katika kipindi maalumu cha Mwaka Mpya wetu. Hapo sijahesabu makosa mapya, ambayo nayategemea, na ambayo yatalazimu msimu wa tatu.

Naomba pia awepo mkaguzi ndani ya studio, mwenye mamlaka ya kusimamisha kamera kila kiatu kinapovuka mlango. Niko tayari. Nina wadhamini.

Nisalimie wasichana wote watatu. Joyce mwambie hatuna ubaya naye. Msalimie Bw. Tolley, aliyenivumilia kwenye simu, na yule mwingine anayewasha taa pale studio, maana taa hazina kosa. Bi. Poon anakusalimu, na anasubiri jibu kama mimi.

Ni mimi, mtazamaji wako asiyeridhika na asiyekosa,

Kwan Lai Sheung

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimpigia Hoi Ching nimsomee barua hii, ingawa leo si Alhamisi. Nilipomaliza, akasema hana televisheni, na hajawahi kuwa nayo huko Dunedin. "Sijaona hata sehemu moja, Mama. Nasoma muhtasari kwenye tovuti yao saa mbili na robo, halafu nachukua upande ambao wewe huwezi kuuchukua." Nikamuuliza kwa nini. "Kwa sababu ukiwa na la kulalamikia hukati simu."

Nimehakikisha: tovuti yenu inao muhtasari. Simu zake basi hazikuhitaji kipindi, zilihitaji lalamiko tu; hoja ya sita na ya saba hazina msingi, na hizo ndizo zilizokuwa zimebeba barua. Fungeni kipindi mkitaka. Simu ya kwanza bila kipindi ni Alhamisi tarehe 26 Juni, saa mbili na nusu. Nimeambiwa nije na mada yangu mwenyewe.