Tela Lisiloshika Chaji

Injinia hakuwa injinia. Shule aliishia pale walimu walipomchoka, lakini alivaa ovaroli safi, akachomeka bisibisi mfuko wa kifuani, na mjini ovaroli safi ni cheti tosha. Kutwa alikaa kwenye benchi nje ya duka la spea, akisubiri gari la mtu liharibike na mwenyewe achanganyikiwe. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na nyoka akishatoka, anamuuzia pango lake mwenyewe.

Asubuhi hiyo likaingia gari likivuta tela la kulala: nyumba ndogo nyeupe yenye magurudumu, madirisha yana mapazia, mlango una kitasa kinachong'aa. Injinia akameza mate. Hajawahi kumiliki hata baiskeli, ila kitu cha kuuzika alikijua hata akiwa amefumba macho.

Akashuka mama mmoja, mkunga mstaafu, na binamu yake aliyekuwa akimwendeshea.

"Fundi," Mkunga akasema, "gari linatembea kutwa, lakini betri ya tela haishiki chaji. Tukifika tunakolala taa hafifu, friji imezima. Na friji ile ndiyo inatunza sindano zangu za sukari. Bila friji sina safari, mwanangu. Narudi sebuleni kwa kijana wangu mkubwa, nikawe mlinzi wa rimoti."

Hakuwa anatania. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kwenye lile tela. Miaka yote alilala pale kazi ilipomlaza, na sasa alitaka alale anapotaka yeye.

"Pole sana, mama yangu," Injinia akasema kwa sauti ya msibani, akafungua boneti.

Jamani, hata mlevi angeliona tatizo. Kwenye waya unaotoka betri ya gari kwenda nyuma kwa tela, fyuzi ilikuwa imeungua. Bei yake haifiki ya soda. Injinia akashusha boneti taratibu, akatikisa kichwa.

"Mama, altaneta ya gari inatengeneza umeme, sawa. Umeme unasafiri hadi kwenye tela, sawa. Sasa tela lenyewe ndilo linaunywa. Limezeeka, linavuja umeme ardhini. Ukiendelea hivi litainywa hata betri ya gari."

"Linakunywa umeme?"

"Tena lina kiu."

Mkunga akaguna, akaenda kutafuta maji. Injinia hakupoteza muda. Akamshika Binamu bega, wakaegemea ubavu wa tela.

"Ndugu yangu, wewe nakuona mtu wa mjini. Ni fyuzi tu. Ila mwambie limekufa, nilichukue kwa bei ya chuma chakavu. Nikiliuza, nusu yako, nusu yangu."

Binamu akakuna kidevu. Toka safari ianze alikuwa analipwa chakula na shukrani, na shukrani zilikuwa zimeanza kumvimbisha tumbo. "Dada akikataa je?"

"Ndiyo kazi yako hiyo. Damu nzito kuliko maji, atakusikiliza."

Wahenga walisema kuta zina masikio, na wao walikuwa wanazungumzia kuta za udongo. Ukuta wa tela ni bati na ubao laini. Una masikio, na ukipenda una na mdomo. Mkunga alikosa maji baridi dukani, akarudi na kuingia telani kwa mlango wa upande wa pili, na wakati huo alikuwa amejinyoosha kitandani, macho yamemtoka.

Iliuma. Binamu yule, yeye Mkunga ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mtoto, akamfunza kufunga viatu. Machozi yakamdondoka, akayafuta kwa shuka. Wale wawili walipokwenda kunywa chai, akachukua simu akampigia shoga yake waliyefanya naye kazi wodini, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha mpaka daktari. Namba ya Injinia haikuwa shida, ilikuwa imeandikwa mgongoni mwa ovaroli.

Chai haijaisha, simu ya Injinia ikalia.

"Wewe ndiye Injinia? Naitwa Bi Hoteli. Nimepita hapo nimeona tela jeupe, nalitaka kwa wageni wangu. Bei taja wewe. Ila sitaki uchakavu! Betri mpya, plagi mpya, na waya mnene kutoka gari hadi tela. Waya mwembamba umeme wote unaishia njiani. Nije nilikute linajaa chaji."

Bei taja wewe. Maneno matatu hayo yamefilisi watu wenye akili kuliko Injinia.

Mkunga alipoambiwa tela limekufa, akainamisha kichwa. "Basi lichukueni. Mtanilipa mkishaliuza."

"Ngoja nilifanyie majaribio kidogo, mama, kabla hatujalichinja," Injinia akasema.

"Fanya, mwanangu."

Betri akainunua kwa hela yake, ile ya chini ya godoro. Na waya, na plagi, na fyuzi. Akalala chali chini ya tela, akavuta waya, akakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, akafunga waya wa ardhini kwa bolti. Binamu alishika tochi huku akilalamika kiuno. Na jambo la ajabu likatokea, ambalo Injinia asingependa lijulikane mtaani: kazi ilianza kumnogea. Akakaza bolti moja mara mbili bila kuombwa na mtu.

"Tupime," akasema, ameshika mita ya umeme, jasho linamchuruzika. "Nani atawasha gari?"

"Nyie kaeni huko nyuma na mita yenu," Mkunga akasema. "Mimi nitakanyaga mafuta tu."

Binamu akacheka. "Dada, angalia usije ukatugonga." Alisahau kwamba dada huyo aliendesha gari la zahanati kwenye matope kabla yeye hajajua baiskeli.

Injinia akagusisha nyaya za mita kwenye betri ya tela. Gari likaunguruma, namba zikaanza kupanda.

"Kumi na mbili... kumi na tatu... kumi na nne! Imekubali! Mama, imekubali!" Alikuwa anarukaruka, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa.

"Niongeze?"

"Ongeza, mama!"

Mkunga akaongeza. Akatia na gia. Nyaya zikachomoka, mita ikarudi sifuri, na nyumba nyeupe ikawapita mbele ya pua.

"Dada! Na mimi je?" Binamu akapiga kelele. Begi lake lilikuwa limewekwa kwenye benchi, zipu imefungwa vizuri.

Injinia alikimbia mpaka pumzi zikamwisha, ndipo akakumbuka mnunuzi. Akapiga simu.

"Bi Hoteli! Bosi wangu! Tela limeibiwa!"

"Wala halijaibiwa, mwanangu. Mwenyewe kanipakia hapo kwenye kona, nimekaa kiti cha mbele. Taa zinawaka, friji inanguruma. Anakushukuru sana, ila ana swali moja."

"Swali gani?"

"Kazi yako ina garantii ya muda gani?"