Ombi la Kutaga Badala ya Kuzaa

Kwa Bibi Mkunga Mkuu,
Wodi ya Wazazi.

Shikamoo. Natumaini wewe na wauguzi wako hamjambo. Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu asiyeiona miguu yake mwenyewe. Ndimi yule wa mwezi wa tisa aliyelia juu ya mizani juzi. Kwa heshima zote, naleta malalamiko yangu.

1. Kuku wa jirani anaatamia mayai yake ndani ya karai bovu. Akichoka anainuka, anajinyoosha, anakwenda kuchakura kidogo, kisha anarudi akipenda. Mimi hata msalani tunakwenda wawili.

2. Njiwa dume huatamia kwa zamu na mkewe, wala hajisifu kwa majirani. Sasa mume wangu ni fundi cherehani. Anakaa kutwa nzima, juu ya mto, mahali penye joto. Makalio kama yale kuyaacha bila kazi ni hasara kwa jamii.

3. Nyoka, Bibi! Chatu anataga, kifutu anazaa. Yaani nyoka wamepewa njia mbili, mimi mke wa mtu nimepewa moja? Na tafadhali usiniletee habari za tembo anayebeba mimba karibu miaka miwili. Tembo hapandi ngazi na ndoo ya maji.

4. Naogopa. Hili sikutaka kuliandika. Siku ya kliniki nilisikia wenzangu wakilia nyuma ya pazia, na muuguzi akasema waume hawaingii. Yai lingetoka kimya kimya, nyumbani kwetu, fundi akinishika mkono.

Kwa hiyo naomba kibali cha kutaga, ikiwezekana kabla ya Ijumaa. Yai la wastani litatosha. Maganda nitafagia mwenyewe.

Nisalimie wauguzi wote, yule mpole wa mapokezi, na hata yule mkali wa mizani.

Wako mtiifu, anayehema,
Mama Kijacho, mke wa Fundi

Tanbihi: Fundi ameisoma barua hii, machozi yakamlengalenga, akaapa kuliatamia yai usiku na mchana. Akaketi papo hapo kunionyesha. Amekalia miwani yake, tena ile mpya. Basi Bibi, ombi la yai lifute, mwanangu abaki humuhumu ndani nilimomweka. Ila baba yake naomba umruhusu aingie nami siku hiyo. Atasimama.