Mashine ya Kunusa Mali

Katika baa moja ya Katoro, mgeni wa chuo kikuu alikuwa akieleza kwamba maji ya majani yaliyochemshwa hugeuza metali kuwa vumbi jembamba ajabu, na vumbi hilo likiunganishwa na umeme hunusa hewa. Telesphori wa Ushirombo, tapeli mwenye shahada ya mdomo, alisikiliza kutoka meza ya jirani na hakuelewa hata nusu. Neno moja tu lilimkaa: kunusa.

Asubuhi akachuna zinki kwenye betri kuukuu za redio, akaiyeyusha kwa maji ya betri ya gari, akamimina mchuzi wa mwarobaini, akachoma mpaka ukabaki unga mweupe. Akaupaka kwenye kibati juu ya kopo la makaa na kuunganisha nyaya na redio mbovu. Alifuata kila hatua kwa uaminifu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu komunio ya kwanza. Kisha akaficha mfukoni swichi ya kuiliza redio. Sayansi ni nzuri, ila isiachiwe peke yake.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Masele, mfugaji, amefuatana na sungusungu wawili, walinzi wa kijiji wenye pinde.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia mashine yako inanusa mali."

"Hata ikiwa chini ya mwamba, mzee wangu! Haikosei!"

Telesphori alikuwa mtu wa machimbo, na machimboni mali ni dhahabu tu.

"Mvua imeanza, mwanangu, na bila mali yangu sitalima. Ikiipata, nakupa ng'ombe mtamba."

Telesphori alifurahi kupita kiasi. Bandani nyuma ya nyumba alikuwa na maksai wawili, aliowaokota malishoni juzi bila kumsumbua mwenyewe kwa maswali. Mtamba angewachangamsha.

Akawaongoza uani, alikokuwa amefukia punje ya dhahabu, mashine mikononi, kwa mwendo wa padri kwenye maandamano. Kabla hajagusa swichi, redio ikalia. Akageukia upande wa pili, ikanyamaza. Akageukia banda, ikapiga yowe. Mkojo wa ng'ombe ulikuwa ukitoa ile hewa kali inayowasha macho, na unga mweupe ulikuwa ukiinusa, kama mgeni alivyosema.

"Imeharibika!" akasema Telesphori.

"Kama mbovu, wewe tapeli," akasema sungusungu mmoja. "Kama nzima, fungua banda."

Telesphori akapima majina mawili, tapeli na mwizi; yote yalimtosha. Masele akapiga mluzi. Ndani ya banda maksai wakaitika.

"Mzee, mimi nilidhani mali ni dhahabu!"

"Dhahabu inavuta plau?"

Masele alikuwa mtu wa kauli. Jioni ile alirudi na mtamba, akamkabidhi Telesphori kamba mkononi mbele ya watu wote. Telesphori akasema asante. Hapo sungusungu wakasogea, wakaipokea ile kamba kwa adabu: faini ya kuiba ng'ombe ni ng'ombe. Mtamba alipopita karibu na mashine, redio ikalia tena.