Waraka wa Kusitisha Taharuki

Saa tatu kamili asubuhi tangazo lilibandikwa ukutani kando ya lifti, na watumishi wa Shirika la Utangazaji wakasimama kulisoma: "Umma unaarifiwa kuwa taharuki imesitishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo." Chini yake palikuwa na sahihi ya Mkurugenzi Mkuu, kubwa kuliko tangazo lenyewe.

Sababu zilikuwa za msingi. Mwaka uliotangulia shirika lilirusha tamthilia ya chombo cha anga, na sehemu ya kufungia msimu ikakatwa nusu mbili. Nusu ya kwanza iliishia chombo kikianguka kuelekea jua. Kwa wiki nzima nchi haikufanya kazi. Makarani waliwaacha watu kwenye foleni wakabishana kuhusu injini, na foleni hazikulalamika, kwa kuwa nazo zilikuwa na maoni. Waziri mwenyewe hakupata usingizi. Alimpigia simu Mkurugenzi akamuuliza, "We bwana, kinaanguka au hakianguki?" Mkurugenzi akajibu kwamba suala hilo linashughulikiwa.

Waziri hakulisahau jibu hilo. Sasa mkataba wa Mkurugenzi ulikuwa ukingoni, na Waziri alikuwa ametamka bayana kwamba ataamua nani akalie kile kiti siku itakayofuata nusu ya kwanza ya msimu huu. "Nikilala vizuri," alisema, "tutaongea vizuri."

Ndipo Mkurugenzi akatunga waraka, ule uliotangazwa kando ya lifti. Kifungu cha kwanza kilisema kuwa nusu ya kwanza itahesabika kuwa nzima. Kifungu cha pili, alichokipenda zaidi, kilisema kuwa hali atakayokuwa nayo mhusika kipindi kinapomalizika ndiyo hali yake rasmi, na haitajadiliwa. Anayeanguka ameanguka. Aliyefungiwa amefungiwa. Mwananchi azime televisheni, akalale.

Kulikuwa na jambo dogo la nyongeza. Msimu huu kiongozi wa chombo aliigizwa na Mkurugenzi mwenyewe, baada ya mwigizaji wa awali kuonekana amepungukiwa haiba ya ofisi. Mkurugenzi aliingia angani na suti yake, kitambulisho cha kazi kikining'inia kifuani, akaagiza mhusika asipewe jina la kubuni, maana umma una haki ya kumjua anayeuokoa. Mhusika akaitwa Mkurugenzi Mkuu.

Mtunzi wa tamthilia alikuwa mdogo wa mke wake. Kabla picha hazijaanza kupigwa, aliingia ofisini na muswada mkononi, akakaa bila kukaribishwa.

"Shemeji, umeisoma nusu ya kwanza?"

"Nimesoma maneno yangu."

"Yako tu?"

"Kiongozi hasomi maneno ya watu wengine. Anapelekewa muhtasari."

"Haya, muhtasari huu hapa. Unatoka nje ya chombo kutengeneza antena, mlango unagoma kufunguka, unaganda. Basi."

Mkurugenzi aliyapima maneno hayo moja baada ya jingine. "Natoka nje?"

"Unatoka."

"Mimi mwenyewe, bila kumtuma mtu?"

"Wewe mwenyewe."

"Safi sana. Kila siku wanasema hatutoki maofisini."

"Shemeji, unaganda! Unaingia nusu ya pili, ndipo unawaokoa wote. Sasa ukiifuta hiyo nusu ya pili..."

"Kitu kizima kina nusu ya pili gani tena?"

"Mwaka mzima nimeumia nayo. Hadithi yenyewe iko humo."

"Hadithi ndiyo iliyomnyima Waziri usingizi," alisema Mkurugenzi kwa upole, kama daktari anayemweleza mgonjwa chanzo cha homa.

Picha zilipokaribia kwisha kupigwa, Bodi ya Idhini ilikutana. Wajumbe walikuwa Mkurugenzi na Naibu wake. Naibu alikuwa mtu mtulivu, mwenye kope nzito, ambaye tangu aajiriwe alitumia neno moja tu kazini, na neno hilo lilikuwa limempandisha cheo mara kadhaa.

"Waraka upite?"

"Naafiki."

"Upigaji wa picha za nusu ya pili usimame?"

"Naafiki."

"Una maoni tofauti?"

Naibu alifikiri. "Naafiki," akasema, na kikao kikafungwa.

Jioni ya kurushwa kwa nusu ya kwanza, Mkurugenzi alikaa sebuleni na mkewe. Kwenye televisheni alijiona akisimama kwenye mlango wa chombo, nyota nyuma yake, akitamka kwa sauti nzito, "Fungeni. Nitaingia wa mwisho." Mlango ukafungwa. Akashika antena. Akarudi, akavuta mlango, ukagoma. Barafu ikampanda usoni, ikafunika tai, ikafunika kitambulisho. Kioo kikawa cheusi, na kwa mujibu wa waraka likatokea neno MWISHO. Taarifa ya habari ikaanza.

Mke aligeuka. "Mbona umekufa?"

"Sijafa. Nimebaki nje."

"Na utaingia lini?"

"Hilo halijadiliwi."

"Haya," alisema mke, akachukua rimoti. "Mimi mjane natafuta muziki."

Asubuhi nchi ilikuwa shwari. Makarani walikuwa madirishani, wanagonga mihuri. Hakuna aliyebishana na mwenzake. Mkurugenzi aliyaona hayo kupitia kioo cha gari, moyo ukamjaa. Getini mlinzi alikakamaa, akainua mkono kupiga saluti, kisha akauacha katikati.

"Samahani, mzee. Sijui kama inaruhusiwa."

"Nini?"

"Kumpigia saluti aliyeganda."

"Nimeganda wapi? Si unaniona hapa?"

"Nakuona kabisa, mzee wangu. Ila ule waraka umekataza kujadili."

Alimkuta Naibu amesimama kando ya meza, simu ikiwa wazi, sauti ya Waziri ikijaa chumbani.

"Nimelala fofofo! Tangu niapishwe sijalala hivi. Aliyetunga waraka huu ana kichwa. Mpe simu nimpongeze. Au... ndiye yule aliyebaki nje?"

"Naafiki."

"Ameganda kabisa?"

"Naafiki."

"Masikini. Kazi nzuri kaifanya, kuifaidi hayupo."

"Mheshimiwa, nipo!" Mkurugenzi aliinamia simu. "Nipo hapa ofisini!"

"Nani huyo?"

"Mkurugenzi Mkuu!"

Waziri alishusha sauti. "Ndugu yangu, unataka tujadili, na waraka umekataza. Nikianza kujiuliza kama upo au haupo, leo nalala saa ngapi? Naibu, kaimu wewe hicho kiti."

"Naafiki."

Mkurugenzi alishuka ngazi bila kungoja lifti. Mtunzi alikuwa studio, anakunja nyaya.

"Shemeji yangu kipenzi! Ile nusu ya pili, naingia, sivyo?"

"Dakika ya kwanza tu."

"Irushwe leo leo."

"Imebaki picha moja, ya mlango kufunguliwa. Ulitusimamisha kabla hatujaipiga. Na kibali nani anatoa?"

Wakapanda pamoja kwa Kaimu.

"Nusu ya pili irushwe?" aliuliza Mtunzi.

"Naafiki."

"Na mlango ufunguliwe, niingie?" aliuliza Mkurugenzi.

"Naafiki."

Kwa mara ya kwanza Mkurugenzi aliona neno hilo lina uzuri wake.

Chombo cha anga kilikuwa cha mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya fedha, kikiwa katikati ya stoo ya zamani. Stoo iliyobaki, iliyopakwa nyeusi, ndiyo ilikuwa anga. Mkurugenzi alisimama angani, unga wa ngano kwenye nyusi badala ya barafu. Ndani ya chombo waigizaji walikaa kwenye viti vyao. Mtunzi alikuwa ameshainua mkono kuanzisha picha simu ya Kaimu ilipolia.

"Nasikia mnamwingiza," ilisema sauti ya Waziri. "Akiingia tutakuwa na wakurugenzi wangapi?"

Swali hilo halikujibika kwa neno la Kaimu.

"Wawili!" alijijibu Waziri. "Na mimi nitakesha nikijiuliza yupi ni yupi. Mlango usifunguliwe."

"Naafiki."

Mtunzi aliutazama muswada wake, akamtazama Kaimu. "Lakini nusu ya pili si inarushwa? Wenzake waendelee na safari bila yeye?"

"Naafiki."

Akachukua kalamu, akakata sentensi moja. Mwigizaji aliyekuwa dereva wa chombo aliisoma iliyoandikwa mahali pake: "Antena haikuwa na tatizo. Twende." Taa za chombo zikawaka kijani. Wote walionekana wamepumzika.

Mlango ukabishwa kutoka nje. Kwanza kwa adabu, halafu kwa ngumi. "Shemeji! Naibu! Fungueni!" Kwa nyuma chombo hakikuwa na ukuta, na hatua chache za kuzunguka zingemfikisha ndani. Lakini Mkurugenzi hakuwahi kuingia mahali popote kwa nyuma. Aliendelea kubisha.

Fundi wa sauti aliomba ukimya, akasogeza kipaza sauti mlangoni, akarekodi.